Nani Alimpa Mtoto Jina?

Giza lilikuwa limeanza kuushika mji wa Homa Bay Elkanah alipoingia dukani kununua maziwa ya kopo.

"Mwalimu, lile la juzi limeisha?" mwenye duka alimtania. "Huyo mtoto anakunywa kama trela!"

Elkanah alitabasamu, akalipa, akaondoka. Hakumwambia kwamba kopo la juzi lilikuwa bado mezani, limejaa. Aliendelea kununua kwa sababu kununua kulimpa mahali pa kwenda. Tangu amzike mkewe, Emmaculate, saa za magharibi zilikuwa zimemshinda kuzikaa ndani.

Mama yake, Filister, alikuwa ameketi sebuleni na mjukuu wake wa kike mapajani. Taa ilikuwa haijawashwa. Mtoto hakuwa amelala. Macho yake yalikuwa wazi, yameelekezwa mlangoni, na Elkanah alipoingia hayakumfuata yeye. Yalibaki pale pale mlangoni.

Ndivyo alivyokuwa tangu mama yake afariki. Hakulia. Hata njaa haikumliza. Daktari alimpima, akampima tena, akasema mtoto ni mzima. Lakini mbavu zake zilikuwa zinaanza kuhesabika.

Kisha Elkanah akasikia harufu.

Harufu ya matope ya ziwa... na magugu maji yaliyooza. Nyumba yao iko mlimani, mbali na maji. Aliwasha taa.

Sakafuni palikuwa na nyayo. Ndogo, za miguu mitupu, zimelowa. Zilitoka mlangoni hadi kwenye kiti cha Filister.

Hazikurudi.

"Mama, umemwaga maji?"

"Sijainuka hapa tangu utoke." Filister hakuzitazama zile nyayo. Ilionekana alikwisha kuzitazama vya kutosha. "Elkanah wuoda, mwanangu, nataka kukuuliza kitu, na usinijibu kisomi. Nani alimpa mtoto jina?"

"Hajapewa. Tulikuwa tunangoja..."

"Amepewa." Alimfunika mtoto shuka hadi kidevuni. "Mtoto wa Mjaluo akilia, tunamwitia majina ya waliokufa, moja moja. Akifika yule anayetaka kurudi kwake, mtoto hunyamaza. Huyu alilia siku ya kwanza mpaka hospitali nzima ikamsikia. Halafu akanyamaza, na tangu hapo hajalia tena. Kuna mtu alimwitia jina. Nani mwingine alimshika?"

Elkanah alifikiri. Alikuwa mtu wa kufikiri taratibu.

"Baba mkwe," alisema. "Jioni ile kabla ya... kabla ya Emma. Alimwinua, akamnong'oneza sikioni. Nilidhani anamwombea."

Filister alimvuta mtoto karibu na kifua.

"Mtu anayeomba," alisema hatimaye, "huogopa nini kusikika?"

*

Emmaculate alikuwa na macho ya kijani. Si sana, ila mwanga wa asubuhi ukimpiga uliyaona. Watoto wa shule walimwita Jerman, naye akacheka nao. Alipopata mimba aliacha kucheka, akaanza kuutafuta ukoo wake. Alituma mate yake yakapimwe, akauliza wazee, akapiga simu, na kila jioni alimsimulia mumewe alipofikia, miguu yake imevimba juu ya stuli.

Ukoo ulipanda hivi. Emmaculate ni binti wa Nicanor wa Karungu. Nicanor ni mwana wa Job. Job ni mwana wa Mirumbe, ambaye Wakuria wa mpakani walimlea na kumpa jina la kwao. Na Mirumbe alikuwa mwana wa Mjerumani aliyevuka mpaka na kikosi chake kuja Karungu wakati wa vita vya kwanza. Aliitwa Bruno. Mirumbe, Job na Nicanor, kila mmoja alikuwa na jina hilo la pili: Bruno. Ukilisikia leo utadhani ni la padri.

Mate yalimpatia Emmaculate ndugu mpaka Ujerumani. Mmoja alikuwa bikizee wa mji wa Bremen, Gudrun, mjukuu wa ndugu yake Bruno. Walizoeana, wakawa wanaonana kwa simu na kuonyeshana maua ya madirishani.

Kesho yake asubuhi, Elkanah alimpigia Gudrun. Ikiwa mzee alimwitia mtoto jina, bila shaka ni lile walilorithishana, na alitaka tu kumuuliza kama jina la Bruno lina habari yoyote kwao.

Uso wa bikizee ulibadilika kwenye kioo.

"Kwetu hatuliiti," alisema. "Mmeliita?"

Elkanah aliinamisha kichwa. Gudrun alivua miwani, akasimulia kwa Kiingereza chake cha taratibu. Habari za kifo cha Bruno zilipofika Bremen, kaka yake alimpa mwanawe mchanga jina hilo, kwa ukumbusho. Usiku ule ule mkewe alikufa. Walimkuta kitandani, mashuka yamelowa chapachapa, na nje theluji imeganda. Mtoto hakulia tena. Na mjakazi wa nyumba aliapa kwamba alimwona mwanamke mweusi amesimama karibu na kitanda cha mtoto, nywele zinatiririka maji.

"Wakafanya nini?"

"Kaka mtu alikwenda makaburini. Palikuwa na jiwe la Bruno, ingawa mwili haukurudi. Akaliita jina pale, juu ya jiwe, mpaka alipochoka. Aliporudi nyumbani, mtoto alikuwa analia." Gudrun alijifuta macho. "Anafuata jina, kijana wangu. Jina linapoitwa, ndipo anapokuja. Lazima uliache kwa mwenyewe. Pole sana kwa Emma. Angeniuliza mapema..."

Picha ikakatika.

*

Elkanah aliwasili Karungu jua likiegemea ziwa. Boma la Nicanor liko juu ya ufuko, limezungukwa na miti ya ojuok. Kwa desturi mkwe hupita hapo kwa adabu: haketi hovyo, hapazi sauti, na kamwe hamwiti baba mkwe kwa jina lake. Elkanah alikuwa ameishika adabu hiyo miaka yote ya ndoa yake.

Nicanor alikuwa barazani. Alikuwa amenenepa kidogo. Hilo Elkanah aliliona kwanza. Siku ya maziko mzee alikuwa amekonda kama kijiti, na sasa mashavu yamerudi, macho yametulia, kama mtu aliyeanza kupata usingizi.

"Ora, mkwe wangu, karibu," alisema mzee. "Chai ipo. Mtoto hajambo?"

"Ulimnong'oneza nini?"

Mzee aliweka kikombe chini.

"Mkwe haanzi hivyo."

"Ulimwita Bruno."

Ng'ombe walilia bondeni. Nicanor alitazama ufuko, kisha mikono yake.

"Wewe ni msomi," alisema. "Utanicheka."

"Sijacheka tangu nimzike binti yako."

Ndipo mzee alipozungumza, kwa sauti ya chini, maneno yakitoka kama mtu anayetapika. Bruno alimchukua msichana wa Kijaluo wa Kadem kwa nguvu, akazaa naye. Siku meli ya Waingereza ilipotokea, wale Wajerumani walijificha kwenye matete. Mtoto akaanza kulia. Bruno alimpa askari mtoto, akamshika mama yake nywele, akamzamisha, akisema kwamba mtoto akiona hana wa kumlilia atanyamaza.

"Akanyamaza," alisema Nicanor. "Ndiye Mirumbe, babu yangu."

"Mama yake aliitwa nani?"

"Hakuna aliyelitunza jina lake."

Elkanah alifikiria jioni zote zile, miguu ya Emma juu ya stuli. Walikuwa wamepanda ukoo mpaka Bremen, wakahesabu kila mwanamume. Hawakuwahi kuuliza juu ya msichana huyo.

"Mirumbe alipopata mwana," mzee aliendelea, "mtoto alilia siku nzima. Wakamwitia majina. Walipofika kwa Bruno, kimya! Wakasema babu Mzungu anataka kurudi. Basi wakampa. Usiku ule mke wa Mirumbe akafa. Kwa baba yangu ikawa vile vile. Hata mimi nilimpa mwanangu wa kwanza, nikampoteza yeye na mama yake. Yule msichana huja kumtafuta Bruno, ora. Mama hulala mbele ya mtoto wake. Yeye humpitia mama ili amfikie mtoto."

"Mlidhani watoto wanakubali."

"Tulidhani."

"Walikuwa wanaogopa. Walinyamaza kwa sababu kuna mtu ameingia chumbani."

Nicanor alikiinua kikombe, akakirudisha chini bila kunywa.

"Emma hukumpa jina hilo," alisema Elkanah. "Alizaliwa na mke wa pili, ukamwacha salama. Ulijua. Ulijua yote haya, ukaja hospitali."

"Jina lilibaki kwangu peke yangu!" Mzee alipaza sauti kwa mara ya kwanza. "Unajua kukaa nalo ni nini? Kila magharibi amesimama pale, kwenye lango, anavuja maji! Alikuwa anasogea. Mwaka huu alifika dirishani. Mimi ni mzee, nilitaka kulala tu. Nilidhani kwa sababu ni mtoto wa kike... nilidhani asingemtambua."

Elkanah alihesabu pumzi zake. Alizoea kufanya hivyo darasani.

"Naambiwa jina huachwa kwa mwenyewe."

"Ndiyo! Ndiyo, ora." Nicanor alisimama, akamshika mkono, akamwonyesha upande wa kulia wa boma, palipokuwa na tuta dogo lenye nyasi. "Pale. Mwili wa Bruno haukupatikana, kwa hiyo Mirumbe alizika tunda la mti wa yago badala yake, kama tunavyomzikia mtu aliyepotea. Tunda lile ndilo mwili wake, ndilo kaburi lake. Nenda uliite pale. Mtoto atapona. Sote tutapona."

Elkanah alilitazama tuta. Lilikuwa karibu. Angelifikia kabla chai haijapoa.

Upepo ulikoma.

Kisha ile harufu... matope, magugu. Ikapanda kutoka ufukoni taratibu, kama moshi wa jiko.

Chap.

Chap.

Miguu mitupu iliyolowa, langoni.

"Fanya haraka," alinong'ona Nicanor. Alikuwa ameufunika uso kwa viganja. "Ora, nakuomba. Kwenye kaburi."

Elkanah aliukumbuka mkono wa Emmaculate asubuhi ile, ulivyokuwa baridi, ulivyokuwa na unyevu ambao manesi walisema ni jasho. Aligeuka. Akalipa kisogo lile tuta. Akamtazama baba mkwe wake usoni, ndani ya boma lake mwenyewe, akafanya ambalo mkwe hafanyi.

"Nicanor Bruno," aliita, kwa sauti iliyosikika mpaka ufukoni. "Nicanor Bruno. Bruno yuko hapa."

Mzee alifungua kinywa. Alinyosha mkono amzibe Elkanah mdomo.

Elkanah hakumwona mwanamke. Hilo alilisema baadaye, nasi tumwamini. Aliona tu kwamba shati la Nicanor liliingia weusi mabegani, kama linanyeshewa, na mbingu haina wingu. Aliona nywele za mzee zikivutwa nyuma. Aliona miguu yake ikipiga vumbi la baraza kama mtu anayeogelea...

Simu ikaita mfukoni.

"Elkanah!" Ilikuwa sauti ya Filister, inapiga kelele. "Sikiliza! Msikilize mwanao!"

Mtoto alikuwa analia.

Alilia kwa hasira, kwa njaa, kwa nguvu zote za mapafu yake. Elkanah alisimama barazani, simu sikioni, akasikiliza kilio kile hadi miguu ya mzee ilipotulia.

*

Daktari aliandika kwamba ni moyo. Walioosha maiti walisema maji yalitoka kinywani mwake mpaka wakabadilisha beseni, lakini walisema hivyo jikoni, si mbele za watu.

Elkanah alikuja mazishini kama mkwe mwema, na dume la ng'ombe. Mtoto wake alikuwa mgongoni kwa Filister, ananyonya ngumi, mashavu yameanza kujaa. Elkanah hakuwa na majuto. Alijipima moyo wake kwa makini, kama alivyopima kila kitu, akakuta ndani yake kuna kitu kinachofanana na shibe.

Karibu na kaburi alisimama Chrispine, mtoto wa ndugu yake Nicanor, anayechimba dhahabu Masara. Ndiye aliyeongoza wachimba kaburi. Alikuwa mcheshi hata msibani.

"Shem, mimi nimezoea kuchimba nikapata kitu," alimwambia Elkanah, akipangusa jasho. "Leo nachimba ili niweke! Lakini mzee atarudi. Mke wangu Priscah karibu anajifungua. Wewe ngoja tu."

Elkanah alifungua kinywa amwambie. Lakini angeanzia wapi? Angesema kwamba kuna jina lisiloitwa, Chrispine angeuliza amejuaje. Angesimulia yago, Chrispine angelitazama lile tuta, kisha amtazame yeye, na kuuliza kwa nini hakuliita pale.

"Hongera," alisema Elkanah.

Ilipita miezi. Simu ilikuja mchana kweupe, jua la Homa Bay linachoma mabati.

"Shem! Kidume!" Chrispine alikuwa anacheka. "Juzi! Lakini alilia, shem, alilia hadi majirani wakahama! Tukamwitia majina yote ya kwetu, wapi! Halafu Priscah akamwota mzee. Amesimama mlangoni, amelowa, hasemi kitu, anamnyoshea mtoto mikono tu. Nikasema basi, si ndiye huyo! Jana jioni tukamwita."

Elkanah aliketi.

"Mlimwita vipi? Nicanor tu?"

"Nicanor tu? Hapana bwana, mzee kama yule? Tulimwita kwa heshima, majina yake yote."

"Na mtoto?"

"Alinyamaza papo hapo! Hata sasa katulia, hasumbui kabisa."

"Chrispine. Mpe Priscah simu."

"Bado amelala." Kicheko kilipungua kidogo. Kwa mbali, mlango ulisikika ukifunguliwa, na hatua za Chrispine zikiingia ndani. "Jana alisema anasikia baridi, akajifunika, na leo hajaamka kabisa. Kujifungua kunachosha... Amechoka tu, si ndiyo, shem?"