Nyasi Ndani ya Kengele

"Chui Mbili, unanipata?"

"Nakupata, afande."

"Uko wapi?"

"Nyuma ya mikia ya ng'ombe. Nakula vumbi."

Redio ya Motorola ilicheka ndani ya koti. Kisyeri akaongeza mafuta. Saa nne asubuhi, barabara ya Sirari, pikipiki yake ya Boxer ikifukuza Fuso tatu zilizosheheni ng'ombe.

Moja ilibeba bunduki.

Ipi? Hakuna aliyejua. Zote zilikuwa na vibali vya mnada wa Nyanungu. Mpaka ulibaki kilometa nne. Ukisimamisha isiyo yenyewe, nyingine zimeshavuka.

Hii ilikuwa wiki yake ya majaribio. Kisyeri alikuwa ameomba upolisi, na Inspekta Winfrida wa upelelezi alimpima kwa kazi hii. "Fomu yako safi kama ya malaika," alimtania. "Malaika wa Tarime mimi siwajui."

Fomu iliuliza: umewahi kushiriki uhalifu? Kisyeri aliandika hapana.

Tangu siku hiyo Mzee Machage hakumwacha.

Huyo hapo tena, kando ya barabara, kofia ya pama kichwani, fimbo begani. Miaka saba iliyopita alifuata nyayo za ng'ombe wake walioibwa Ringwani, siku tatu kwa miguu. Akarudi mikono mitupu, akalala. Hakuamka.

"Shikamoo, mzee," Kisyeri alinong'ona ndani ya helmeti.

Mzee hakuitikia. Hajawahi kuitikia.

Kisyeri akasogea ubavuni mwa Fuso ya pili. Dume jeusi lilichungulia nje, kengele shingoni. Gari likadunda shimoni. Kengele ikayumba.

Kimya.

Akakodoa macho. Ndani imesokomezwa nyasi.

Ng'ombe wa mnadani hazibwi kengele. Huzibwa anayeswagwa kwa siri porini. Wajinga hawa, kwa haraka ya kupakia, walisahau kuzibua. Ng'ombe hawa hawakutoka mnadani; ni kificho cha mzigo.

"Afande, ni ya pili. Kengele imezibwa nyasi."

"Ndiyo nini hiyo? Nikikosea hapa nimekwisha. Umejuaje?"

Kilometa mbili.

"Kisyeri! Umejuaje?"

"Nimewahi kuziziba mwenyewe, afande. Ringwani. Ng'ombe wa Mzee Machage. Nilikuwa na miaka kumi na saba."

Redio ikakwaruza.

Kisha: "Zuia."

Akaipita Fuso, akailaza Boxer katikati ya barabara, akaruka mtaroni. Breki zikalia. Land Cruiser ya polisi ikachomoka kichakani. Dereva wa Fuso aligusa bastola kiunoni. Winfrida akamgusa shingo kwa mtutu wa bastola yake.

"Acha hapo hapo, baba. Nina njaa, nina hasira."

Chini ya samadi, mbao. Chini ya mbao, bunduki ishirini za SMG ndani ya nailoni.

Winfrida alimfuata Kisyeri mtaroni, fomu mkononi.

"Ungeniambia tu umesikia kijiweni."

"Ungesimamisha?"

"Nisingesimamisha."

Kisyeri akaomba kalamu. Akakata hapana, akaandika ndiyo, na jina la marehemu.

"Watakukataa, mdogo wangu."

"Wanikatae mimi, afande. Siyo yule malaika wako."

Akainua Boxer, akapangusa vumbi kwenye kiti, akageuza.

"Unaenda wapi? Kituoni Nyamisangura wanatusubiri!"

"Ringwani. Kuna mjane hajaniona uso."

Akapiga kiki. Kiti cha nyuma kikabonyea taratibu, kama mtu mzima anayepanda na fimbo yake.

Kisyeri hakugeuka. Akaondoa pikipiki polepole, kwa heshima ya abiria.