Jiwe la Katikati

Jumamosi saa nne asubuhi, Guylain alifungua kompyuta ya klabu yao ya Go, pale Schaerbeek, akakuta michezo yake yote imefutwa. Katika Go, mchezo wa mawe meusi na meupe, kila mtu huanzia kwenye kona. Guylain alitaka kuanzia katikati kabisa ya ubao. Kwa miezi mitatu alikuwa ameiacha mashine icheze yenyewe kwa yenyewe ili kulijaribu wazo hilo, na kesho yake alikuwa aonyeshe matokeo mbele ya vilabu vyote vya Brussels. Sasa angesimama mikono mitupu.

Maman Bibiane, mwenyekiti, akawaita wawili wengine wenye funguo za klabu. Rigobert, hasimu wa Guylain wa siku zote, alikiri bila haya kwamba angefurahi kumwona akiaibika. Macho yote yakamgeukia. Hilaire, aliyemfundisha Guylain mchezo huo, alisikitika kuliko wote, akaapa hajawahi hata kuitazama michezo ile. Lakini mti wenye matunda ndio hupopolewa mawe, na mpopoaji si lazima awe adui.

Bibiane alimwomba Guylain apange mwanzo mmoja aliokuwa bado anaukumbuka, kisha akataka kila mmoja ajibu kwa jiwe jeupe. Rigobert alikuna kichwa, akaenda kwenye kona. Hilaire hakufikiri. Vidole vyake vilishuka ubavuni mwa jiwe la katikati.

Guylain aliguna, akasema hilo ndilo jibu la mashine, lililomshangaza hata yeye.

“Papa Hilaire,” alisema Bibiane, “muntu hawezi kuona ile jibu yeye mwenyewe. Uliionea wapi?”

Hilaire angeweza kucheza vibaya akaokoka. Ila mkono wa mchezaji haukubali kuweka jiwe baya wakati unajua lililo zuri.

“Miye njo nilimufundisha kushika jiwe, kwangu Laeken,” alisema. “Bon, leo bote hapa klabu banamuita yeye prof. Kila jioni nilikuwa naangalia ile michezo. Ilikuwa mizuri, njo ile ilinikula roho. Donc nikafuta.”

Guylain alikuwa na hasira ya kupiga mtu. Badala yake akauliza, “Tonton, ile mizuri, unaikumbuka?”

“Yote.”

“Alors, kaa. Panga. Na kesho utaipanga mbele ya bote, useme ni ya nani.”

Hilaire aliketi, akachukua jiwe jeusi, akaliweka katikati.