Maji ya Uso wa Katarina

Jioni ile tulikuwa tunafuata kivumbasi tu.

Naitwa Angelina. Nakaa Lipangalala, hapahapa Ifakara, na kazi yangu ni kuchemsha majani na maua. Nakinga mvuke wake, ukipita kwenye bomba la shaba lililozama ndani ya ndoo ya maji baridi unapoa na kudondoka chupani, maji meupe yenye harufu ya mmea wenyewe. Wanaonunua kwa mtandao wanayaita haidrosoli. Wateja wangu wa sokoni wanayaita maji ya uso. Aliyenifundisha ni Sikudhani, mwenye duka la marashi karibu na soko. Kwao ni Pwani, na mikono ya bibi yake ilinuka waridi mpaka anazikwa.

Siku hiyo niliongozana na Katarina, mdogo wa mume wangu. Ni wifi yangu, lakini wengi walidhani tumezaliwa tumbo moja. Alikuwa anakaribia kuolewa na Deogratias, kijana anayetembeza wageni hifadhini Mang'ula, na uso wake ulikuwa umeharibika. Mkorogo. Alitaka awe mweupe siku ya harusi, ngozi ikaungua, mashavu yakabaki na mabaka meusi. Akawa hatoki nje bila kujifunika kanga hadi machoni. Usiku nilikuwa namsikia analia chumbani kwake, akidhani tumelala.

Fulgensi wa bodaboda alitupakia mishikaki, wote wawili nyuma yake, mpaka Kisawasawa. Jua la kule halizami, linamezwa. Milima ya Udzungwa inalidaka mapema, kijiji kinaingia kivulini wakati Ifakara watu bado wanaanua mpunga. Mzee Remigius, anayenilimia kivumbasi, alikuwa amekwenda msibani, lakini alishaniambia kwa simu tukate wenyewe. Fulgensi akabaki barabarani na pikipiki yake. Sisi tukashuka shambani, kando ya kijito kinachotoka mlimani.

Kiroba kilikuwa bado hakijajaa, vyura wakanyamaza.

Wote. Kwa pamoja.

"Nani amekuchoma hivyo, mwanangu?"

Niligeuka. Mwanamke alikuwa amesimama ng'ambo ya kijito, mtu mzima, mwembamba, kajifunga kaniki kifuani. Sikusikia majani yakikanyagwa. Kanga ya Katarina ilikuwa imemtoka kichwani wakati anakata, na yule mama alikuwa anamtazama usoni bila kupepesa.

"Shikamoo, mama," nilisema.

Hakuniitikia. Alivuka maji taratibu, akamshika Katarina kidevu, akauinua uso wake kwenye mwanga uliobaki.

"Ni dawa za dukani, mama," Katarina alinong'ona.

"Pole. Hata yeye alikuwa anapenda kujipaka." Akatabasamu kidogo. "Umri wenu ni mmoja."

Hatukuuliza ni nani huyo. Laiti tungeuliza.

Kutoka ndani ya kaniki alitoa kifurushi cha majani ya mgomba. Kilikuwa kimejaa maua meupe, madogo, yenye shina laini. Mimi mimea ya bonde hili naijua, lakini hayo sikuwahi kuyaona.

"Yachemshe peke yake," aliniambia, sasa akinitazama mimi. "Usichanganye na kitu. Na asipake mwingine. Yeye tu."

"Tukupe nini, mama?"

"Nitakuja mwenyewe," alisema.

Tulipofika barabarani Fulgensi alikuwa ameshawasha pikipiki. Alikuwa anatazama nyuma yetu.

"Yule mama mnamfahamu?" aliuliza.

"Hapana. Kwa nini?"

"Na yule binti aliyekuwa nyuma yake?"

Nilimtazama Katarina. Katarina akanitazama.

Hatukuwa tumeona binti yeyote.

* * *

Asubuhi nilitaka kuyatupa maua yale. Katarina alinishika mkono. "Wifi, nakuomba. Nimejaribu kila kitu." Macho yake yalikuwa yamevimba kwa kulia. Ungekuwa wewe ungefanyaje?

Nilibandika sufuria, nikaziba mfuniko kwa unga wa ngano uliokandwa, nikachochea moto mdogo. Mvuke ulichelewa. Bomba likaanza kutetemeka kidogo, kama koo la mtu anayetaka kusema. Kisha... tone. Tone jingine.

Harufu ikaja.

Haikuwa ya ua. Nilinusa sabuni ya kipande. Nilinusa moshi wa kuni kwenye nguo, na nywele zilizolowa mvua zikasukwa kabla hazijakauka. Ilikuwa harufu ya msichana aliyetoka shule akapita jikoni kwa mama yake.

Nilinyoosha mkono niyamwage. Lakini Katarina alikuwa ameshachovya pamba.

Kabla ya Jumapili mabaka yalikuwa yamekwisha. Sisemi yalififia, yalikwisha! Ngozi ilikuwa laini, ya maji ya kunde, inang'aa kama imetoka kuzaliwa. Katarina alikuwa anacheka mwenyewe mbele ya kioo. Nikajiona mjinga kwa hofu yangu.

Jumapili yenyewe jioni tuliingia ndani pamoja. Mama mkwe wangu alikuwa ameketi mkekani anachambua mchele. Macho yake ni mazima, huona hata jiwe dogo kwa mwanga wa koroboi.

Aliinua kichwa, akamwangalia Katarina, akatabasamu kwa adabu.

"Karibu, binti. Karibu kiti. Umemfuata Katarina? Nadhani katoka."

Katarina alicheka. "Mama bwana! Ni mimi."

Mama mkwe hakucheka. Alimwangalia tena, kwa muda mrefu, halafu akanigeukia mimi. Sauti yake ilishuka.

"Angelina... mwanangu yuko wapi?"

Kuanzia hapo mambo yakabadilika haraka. Mbwa wa jirani, aliyekuwa akimfuata Katarina kila mahali, akawa ananguruma akimwona. Nikimwita, alichelewa kuitika, kama anayejaribu kukumbuka jina ni la nani. Alianza kuimba wimbo wa kutwanga ambao hakuna aliyewahi kuuimba nyumbani kwetu. Siku moja nilimkuta mlangoni, amekumbatia kanga zake, anatazama upande wa milimani.

"Unakwenda wapi?"

"Nyumbani," alisema.

"Nyumbani ni hapa, Katarina."

Akanitazama kwa huruma, kama mtoto anayemsikitikia mgeni aliyepotea njia.

Nilificha chupa kwenye kikapu, nikakimbia kwa Sikudhani. Alikuwa anapanga ubani kwenye rafu. Alifungua kizibo, akanusa. Kisha akakirudisha haraka na kuiweka chupa mezani, mbali naye.

"Umechemsha nini?"

"Maua. Meupe. Nilipewa Kisawasawa."

"Angelina, mimi nimekulia kwenye marashi. Hii si harufu ya mmea." Alipunguza sauti, ingawa dukani tulikuwa wawili tu. "Hii ni harufu ya mtu."

Fulgensi, aliyenipakia, alikuwa mlangoni ananisubiri. Aliposikia neno hilo alivua kofia yake ngumu. Akasema alikuwa amefikiri sana kama aniambie. Kule Kisawasawa aliwahi kuwapo binti aitwaye Agnetha. Mwaka wa mafuriko makubwa alikwenda kijitoni kuchota maji, hakurudi. Walitafuta, hawakupata hata kiatu. Mama yake alikataa matanga. Alichukua nguo za mwanawe na nywele zilizobaki kwenye kitana, akazifukia pale kando ya maji, na kila jioni alikuwa anakwenda kumwagilia.

"Kumwagilia nini?"

"Ndiyo hivyo, dada. Hakukuwa na kitu cha kumwagilia... mpaka kikaota." Aliizungusha kofia mikononi. "Wengine wanasema ni uchungu wa kufiwa ulimchanganya. Wengine wanasema binti hakuzama. Wanasema alimtoa kafara mwenyewe, kisha akajuta."

"Irudishe ilikotoka," Sikudhani aliniambia. "Leo hii. Na Katarina asibaki peke yake."

Lakini nilikuwa nimemwacha na mama mkwe. Nilimwambia Fulgensi anipeleke nyumbani kwanza.

* * *

Adhana ya magharibi ilikuwa imekwisha tulipofika. Ua ulikuwa kimya, mama mkwe alikuwa ametoka kumtafuta mwanawe kwa majirani. Moto wa jiko la nje ulikuwa unawaka, ingawa sikuwa nimewasha.

Mwanamke mwembamba alikuwa ameketi kwenye kigoda changu. Katarina alikuwa amekaa chini, katikati ya magoti yake, amefumba macho. Yule mama alikuwa anamsuka.

Harufu ya nywele mbichi ilijaa ua mzima.

"Amepona," alisema bila kugeuka. "Ahsante kwa kuniangalizia."

"Mwache wifi yangu." Sauti yangu ilitoka kama ya mtu mwingine.

"Wifi yako nani?"

"Huyo. Katarina."

"Basi mwite."

Nilimwita. "Katarina!" Hakutikisika. Niliita tena, nikaita kwa kulia. Fulgensi alikuwa amesimama langoni, mguu mmoja ndani, mwingine nje.

Yule mama aliinama, akanong'ona sikioni mwake.

"Agnetha."

"Abee, mama."

Haikuwa sauti ya Katarina.

Sikufikiri. Nilifungua kizibo, nikayamwaga maji yote motoni.

Moto haukuzimika. Ulipanda juu, mweupe, na ndani yake kilitoka kilio... cha mtu anayezama, kinachoanza kwa nguvu na kuishia kwenye povu. Moshi ukatufunika. Nilipapasa chini, nikashika mkono, nikauvuta kwa nguvu zangu zote. Kuna mtu alikuwa anauvuta upande wa pili. Nikavuta. Nikavuta. Ghafla mkono ukalegea, nikaanguka nao kifuani.

Moshi ulipopungua, kigoda kilikuwa kitupu. Katarina alikuwa amelala mapajani mwangu, anakohoa. Nilimfuta masizi.

Mabaka yalikuwa yamerudi. Yote. Sijawahi kufurahia ubaya kama nilivyoufurahia jioni ile.

"Wifi," alisema. "Nina kiu."

Nilipiga magoti nikasali.

Harusi ilifanyika. Deogratias hakujali mabaka, alisema alimpenda kabla hayajawapo na atampenda nayo. Wakaenda kukaa Mang'ula. Mume wangu alirudi kutoka mashambani Namawala, nikamsimulia, akanisikiliza, akasema kazi ya moshi imenichosha. Niliuza lile bomba la shaba. Sasa natengeneza sabuni.

Jambo moja tu halikukaa sawa. Mama mkwe. Siku ya harusi alikuwa anampa bibi harusi mkono kama anavyowapa wageni. Na kila jioni alitenga sahani ya chakula, akaifunika kwa kawa, akaisogeza pembeni.

"Ya nani, mama?"

"Ya Katarina. Atarudi na njaa."

Tukasema ni uzee. Wazee hufika mahali wakasahau, tukasema.

Mwezi uliopita Fulgensi alikuja nyumbani, akakataa kukaa. Alisema yule mama wa Kisawasawa sasa anaishi na binti. Binti anafagia uwanja, anachota maji, lakini uso wake umefungwa kanga muda wote, na hakuna anayejua ametoka wapi. Majirani wanapita mbali.

Sikumwambia mtu. Nilipanda pikipiki ya Fulgensi, tukafika milima ikiwa imeshameza jua. Nyumba yenyewe ni ya tofali za kuchoma, peke yake, nyuma ya mitiki. Binti alikuwa uwanjani, ameinama, anafagia.

Nilisimama kwenye ua wa miti. Nilitaka kumwona tu, nihakikishe simfahamu, niondoke.

Ufagio ulisimama.

Aliinua kichwa. Kilichoonekana ni macho tu kati ya mikunjo ya kanga. Alitazama mlango wa nyumba, akatazama kwangu, akasogea hatua chache.

"Shikamoo, wifi," alinong'ona.

Nilishika mti wa ua. Nilifahamu sauti ile. Nimeishi nayo nyumba moja, nimeisikia ikilia chumbani usiku nami nikinyamaza.

"Nilikuwa nakushika mkono kwenye moshi," alisema. "Ukaniachia. Ukamshika mwingine." Machozi yalikuwa yanalowanisha kanga. "Wifi... kwa Deogratias mmemwoza nani?"

Ndani ya nyumba mtu alikohoa. Kisha akaita, kwa upole, jina lile la Agnetha.

Binti alifunga macho.

"Abee, mama," aliitika. Akageuka, akaingia ndani, mlango ukafungwa.

Nimerudi Kisawasawa mara nyingine, na mume wangu, na katekista, na mwenyekiti wa kijiji. Tulikuta nyumba tupu na majivu ya baridi. Majirani wanasema waliondoka kufuata mto, hakuna anayejua ni juu au chini.

Jana Deogratias alinipigia simu. Alikuwa anacheka, hawezi kumaliza sentensi. Mke wake ana mimba. Akampa simu anisalimie.

"Wifi," ile sauti ilisema, changamfu kabisa. "Utakuja kunikanda nikijifungua?"

Nilimwambia nitakuja. Ningemwambia nini?