Swali la Kumkaribisha Fundi Breki

Kila Jumamosi saa nne asubuhi mimi huwapelekea binti yangu na mjukuu wangu chai gerejini, na saa saba huwapelekea chakula. Gereji ya binti yangu iko nyuma ya kituo cha mafuta. Imeezekwa kwa mabati, na sakafu yake ni nyeusi kwa oili ya miaka kumi na mmoja. Mimi nina kiti changu pale, tairi la lori lililolazwa chini, na juu yake kuna mto ulioshonwa kwa kitambaa cha viti vya gari ili mgongo wangu usiume. Binti yangu hakuniambia kwamba ameushona. Niliukuta tu siku moja.

Wateja humwita Fundi Breki. Mwanawe, mjukuu wangu wa miaka kumi na miwili, wanamwita Spana. Ukisema "kumi na nne," spana namba kumi na nne iko mkononi mwako kabla hujanyoosha mkono. Baba yake husafirisha mizigo mbali, kwa hiyo siku nyingi tunakuwa sisi watatu.

Huko kwenye simu kuna kundi la wenye magari linaloitwa Barabara Moja. Lina watu elfu tisa. Mtu akisikia gari lake linalia, anauliza humo, na wanaojua wanamjibu. Kwa miaka minne Fundi alikuwa akijibu maswali ya breki bila kulipwa, wakati wa chai, kidole kimoja kikiwa na grisi. Jina lake humo lilikuwa hilohilo la Fundi Breki, na picha yake ilikuwa diski ya breki. Hakuna aliyewahi kuuliza kama ni mwanamume au mwanamke.

Kiongozi wa kundi ni mzee aliyestaafu kufundisha udereva, na wote wanamwita Mwalimu. Ana wasimamizi sita wanaojitolea. Kazi yao ni kuzuia matusi, kuwakamata wanaouza vipuri bandia, na kuhakikisha swali la breki halilali bila jibu. Mmoja wao alipoacha kwa sababu ya macho, Mwalimu alimwomba Fundi achukue nafasi yake. Fundi alikataa mara mbili. Mara ya tatu akakubali, na Jumamosi moja asubuhi Mwalimu akamtangaza, akaweka na picha yake akiwa amevaa ovaroli.

Kundi hilo lina desturi yake. Msimamizi mpya hukaribishwa kwa swali. Mwanachama mmoja huleta tatizo la kweli la gari lake, na msimamizi hulitatua kwa maneno tu, bila kugusa boneti. Ana muda mpaka jua lizame. Akishindwa hafukuzwi, ila atataniwa mwaka mzima.

"Spana, nisomee wanavyosema," Fundi alisema akiwa chini ya pikapu. Tulikuwa tunaona viatu vyake tu. "Swali likija, niambie. Lakini usiguse kitu kingine. Hiyo kazi nimeaminiwa na Mwalimu. Si mchezo wetu."

"Sawa, Mama."

Mjukuu wangu akachukua simu ya mama yake, akakaa karibu nami, akaanza kusoma kwa sauti. "Karibu sana, Fundi. Huyu hapa anasema ulimsaidia gari lake lilipokuwa linavuta upande mmoja. Huyu anasema hongera, dada."

"Hao ni watu wazuri," nikasema.

"Ndiyo, Bibi."

Lakini niliona anasoma moja, ananyamaza kidogo, halafu anasoma lingine. Nilidhani mtandao ni mzito. Kumbe alikuwa anaruka. Puani alikuwa akipumua kama mtu aliyepanda mlima. Baadaye akabonyeza, akabonyeza tena, akaiweka simu kifudifudi juu ya kisanduku cha zana.

"Swali limekuja?" sauti ya mama yake ikatoka chini ya gari.

"Bado, Mama."

Saa saba nilirudi na chakula. Spana alikuwa amemshikia mama yake bakuli la maji anawe mikono, simu ikaita. Fundi akaibonyeza kwa kiwiko ili sote tusikie.

"Fundi, umenivunja moyo," ilisema sauti ya Mwalimu. Hata salamu hakutoa. "Kundi linawaka moto. Turbo amekuuliza swali la kukaribishwa, wewe umelifuta, na yeye mwenyewe ukamfungia nje. Watu wanasema umekimbia swali. Wanasema ndiyo maana hawakutaka mwanamke. Nami niliyekusimamia niwajibu nini?"

"Mwalimu, mimi sijafuta kitu."

"Hapa kila kinachofutwa huandikwa. Saa nne na dakika ishirini na tano. Jina ni lako."

"Mwalimu," nikadakia, maana damu ilinichemka, "mimi ni mama yake. Saa hiyo alikuwa chini ya pikapu, mikono yote miwili ndani ya gurudumu. Nilikuwa naona viatu vyake. Msimsingizie mwanangu!"

Maji ndani ya bakuli yakaanza kutikisika.

"Spana," Fundi akaita taratibu.

"Abee, Mama."

"Ni wewe?"

Mtoto akalipuka. "Walikutukana! Walisema urudi jikoni! Mmoja amesema kesho utawaambia waoshe injini kwa sabuni ya vyombo. Miaka minne unawasaidia, hata chai yako inapoa, halafu wanakucheka! Huyo Turbo ndiye mbaya kuliko wote. Mimi nimewasomea yale mazuri tu. Yale mengine yalikuwa mengi, Mama."

Nilielewa sasa kwa nini asubuhi alikuwa akinyamaza kila mara. Alikuwa ameumeza uchungu huo peke yake ili sisi tunywe chai kwa amani. Nilitaka kumvuta kifuani. Lakini mama yake alikuwa bado anamtazama.

"Nilikuuliza kama swali limekuja. Ukasema bado."

Spana akainamisha kichwa.

"Lilisema nini? Nipe maneno yake yote. Usiruke hata moja."

"Alisema, 'Haya, msimamizi, kama hujabanwa na masufuria. Nikisimama kwenye taa nikakanyaga breki, pedeli inazama polepole kama mguu kwenye matope. Nikipampu inarudi. Mafuta ya breki hayajapungua hata tone. Unajua jibu, au nitafute fundi wa kweli?' Mama, huyo alikuwa anakudhihaki tu. Nani ana shida ya kweli halafu anaomba msaada kwa matusi?"

Uso wa binti yangu ulibadilika. Hasira ilikuwepo, lakini kitu kingine kiliipita mbio.

"Mwalimu, nipe namba ya huyo mtu. Sasa hivi! Usimamizi utanivua baadaye."

Turbo alipokea simu kwa sauti ya mtu aliyejiandaa kugombana.

"Nani?"

"Ni Fundi Breki."

"Aa! Umenifungia mlango halafu unanipigia hodi? Mimi nimeuliza swali la haki kabisa. Umeshindwa, sema umeshindwa!"

"Una haki ya kukasirika, kaka. Nitukane, lakini baadaye. Uko wapi?"

"Niko kazini. Naendesha basi dogo la shule. Nina wasichana kumi na wawili wa mpira wa pete, tunakwenda kwenye mechi."

"Njia gani?"

"Ya mteremko. Kuna nyingine?"

Spana akaweka bakuli chini.

"Basi limesimama?" Fundi akauliza.

"Limesimama, linanguruma. Nasubiri mwalimu wao apande."

"Vuta breki ya mkono. Kisha kanyaga breki ya mguu, ushikilie kwa nguvu, usipampu. Hesabu kwa sauti."

"Unanifanya mtoto wa darasa la kwanza?"

"Hesabu, kaka. Nakuomba."

Tukamsikia anahesabu kwa kejeli, moja, mbili, tatu, huku nyuma yake wasichana wanaimba wimbo wa timu yao. Alipofika tisa kejeli ilikuwa imepungua. Kumi na tatu aliitamka polepole. Kumi na saba hakuimaliza.

"Imefika chini," akasema. "Imegusa sakafu."

"Masta silinda, ile pampu inayosukuma mafuta ya breki, imekufa. Raba za ndani zimekwisha, mafuta yanarudi nyuma humohumo ndani, ndiyo maana huoni tone likivuja. Leo inarudi ukipampu. Mteremkoni hutapata nafasi ya kupampu. Zima gari."

Tulisikia injini ikizimwa. Halafu tulimsikia Turbo, kwa sauti nyingine kabisa, akisema, "Wasichana, shukeni. Wote. Shukeni polepole."

Wimbo ukakatika.

Mwalimu, ambaye Fundi alimpigia mara moja, hakukaa kulaumu. Alichukua gari lake la zamani la kufundishia, lile lenye breki upande wa mwalimu pia, akawapeleka wale wasichana uwanjani kwa mikupuo mitatu. Fundi alikwenda na pikapu ya gereji kulivuta basi, na alibeba chuma cha kuvutia, maana gari lisilo na breki halivutwi kwa kamba. Walipoondoka na msaidizi wa kituo cha mafuta, nilibaki na Spana.

"Bibi, ningewaua," akasema. Alikuwa analia bila sauti.

"Hukukusudia."

"Lakini ningewaua."

Sikumwambia si kweli. Nilimpa kitambaa, nikakaa naye.

Saa tisa basi likaingia gerejini. Turbo alikuwa kijana mrefu, shati lake limepigwa pasi, miwani ya jua kichwani. Aliposhuka hakujua amwangalie nani. Alimwona Fundi akijilaza chini ya basi lake, na macho yake yakaangukia viatu vile nilivyovitazama asubuhi, soli zimekwisha upande mmoja.

Mimi ni mtu wa maneno machache, lakini siku hiyo yalinijaa.

"Wewe kijana, ulipomwambia mwanangu arudi jikoni, angekusikia, saa hizi ungekuwa wapi? Na wale watoto wa watu?"

"Bibi, nisamehe."

"Hukunitukana mimi. Uliyemtukana yuko chini ya gari lako. Inama umwambie."

Alitazama sakafu yenye oili, akatazama suruali yake. Kisha akapiga magoti yote mawili, akainamisha kichwa mpaka miwani ikadondoka. "Dada, nimekosa. Nilikuwa nataka watu wacheke."

"Walicheka?" Fundi akauliza kutoka chini.

"Walicheka sana."

"Basi leo jioni uwaambie na sehemu iliyobaki. Nipe kumi na mbili."

Turbo akageuka huku na huku kutafuta spana namba kumi na mbili. Kabla hajaiona, mjukuu wangu alikuwa tayari ameiweka mkononi mwa kijana yule aifikishe kwa Fundi.

"Kaka," akasema, "si Mama aliyekufungia. Ni mimi. Nilifuta swali lako, halafu nikamdanganya Mama. Nisamehe."

Nilijiandaa kumtetea. Lakini kijana yule akasema, "Mama yangu angetukanwa vile, mimi ningevunja simu kabisa," akampitishia Fundi ile spana. Nilimsamehe hapohapo, ingawa sikumwambia.

Kabla jua halijazama, Fundi aliketi kwenye tairi langu akaandika jibu la swali la kukaribishwa, mstari kwa mstari, pedeli inayozama maana yake nini na mtu afanye nini. Chini yake akamwachia Spana nafasi aandike mwenyewe. Aliandika kwamba swali lilifutwa na mtoto wa Fundi, kwa hasira na bila ruhusa, kwamba alisema uongo, na kwamba anaomba radhi kwa watu elfu tisa. Alifuta na kuandika mara tano. Turbo naye, baada ya kurudishwa kundini, akaandika yake, akayaondoa matusi yake kwa mkono wake, na akataja wasichana kumi na wawili.

Wapo walionyamaza. Wapo waliosema bado mwanamke hafai. Lakini Mwalimu aliandika kwamba Fundi anabaki. Naye Fundi akaomba sheria moja iongezwe, kwamba msimamizi akitukanwa, tusi hilo litaamuliwa na msimamizi mwingine. Ikapita.

"Kwa nini, Mama?" Spana akauliza tukifunga mlango wa gereji. "Wakikutukana ufute tu. Si ndiyo kazi yako?"

Fundi alikuwa bado anahangaika na kufuli. Nikamjibia, maana hilo nalijua bila simu.

"Mjukuu wangu, hasira yako ilikuwa ya haki. Walimwonea mama yako, na mtu anayetazama wenzake wakionewa akakaa kimya ana kasoro. Lakini uliposhika simu ile ulikuwa umeshika na maisha ya watu, na hasira haisomi mpaka mwisho. Ilisoma masufuria, ikaiacha pedeli. Siku nyingine ukitukaniwa mama yako, njoo uniambie mimi, tukasirike wote wawili. Halafu tusome tena. Mtu anaweza kuwa na mdomo mchafu na breki mbovu siku hiyohiyo, na mwenye kazi ya kusaidia hana budi kuviona vyote viwili."

Akanishika mkono. Tulikuwa tumeshafika barabarani aliposema, "Bibi, yale mabaya niliyoyaruka asubuhi, nikusomee?"

"Nisomee," nikamwambia. "Yote."