Uyoga wa Kichuguu

Jumamosi asubuhi Leonia alifagia uwanja, akachota maji, kisha akachukua kikapu. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha pale Kidahwe.

"Nenda kwenye kichuguu cha nyuma ya mihogo," mama yake, Honorata, alimwambia. "Uchume uyoga wa pale tu. Na uuchimbe, usiukate."

Kuchimba kunataka subira, na Leonia na subira hawapikiki chungu kimoja. Aliukata juu juu. Kikapu hakikujaa, naye alishamtambia mdogo wake Merina kwamba angerudi nacho kimefurika! Akajazia uyoga mwingine mweupe aliouona chini ya miti. Mweupe ni mweupe, alijisemea.

Nyumbani maji yalikuwa yakichemka. Merina alichungulia kikapu, akarukaruka. "Leo nakula bakuli zima!"

Leonia alimtazama mdogo wake, hofu ikamshika.

"Mama, usipike! Mwingine nimeuchuma chini ya miti."

"Upi?"

Leonia alipekua kikapu. Wote ulikuwa mweupe, wote umekatwa. "Sijui," alisema huku machozi yakimlengalenga.

Mama aliumwaga wote chooni. Merina akaangua kilio.

Wakarudi kichuguuni wote watatu. Mama alichimba polepole kando ya uyoga mmoja uliosalia. Chini ya shina kulikuwa na mzizi, na mzizi ukazidi kushuka, hata mkono wa mama ukazama hadi kwenye kiwiko. Mwishoni kikatokea chumba kidogo. Ndani yake mlikuwa na kitu kama sega la asali, chenye vitone vyeupe, na mchwa wakikishughulikia.

"Hili ni shamba lao," mama alinong'ona. "Wanatafuna majani makavu na vijiti, wanatengeneza sega, na uyoga unaota humo. Ukiufuata mzizi ukafika kwa mchwa, umejua kwao ni wapi. Ule wa chini ya miti hauna mzizi huu, na mwingine unaua."

Leonia alisahau hata kupumua. Miaka yote alicheza juu ya kichuguu kile, kumbe chini ya miguu yake kulikuwa na wakulima!

Mama aliutia uyoga ule kikapuni, akalifukia shimo taratibu, ili wenyewe waendelee na kazi yao.

Jioni kila mmoja alipata uyoga kidogo tu na ugali. Leonia alimsogezea Merina wa kwake.

"Usilolijua ni usiku wa giza," mama alisema. "Leo ulikosa kwa haraka yako, mwanangu. Lakini ulisema kweli kabla uyoga haujatiwa sufuriani, ndiyo maana sote tuko hapa tunakula."

"Ego, mama," Leonia alikubali kwa Kiha.