Kaseti ya Profesa Hategekimana

Jioni kaseti ilipokuwa nyumbani kwao, baada ya kuosha sahani, Umwiza aliketi mlangoni kumsikiliza dada yake akijibizana na redio ya kaseti. Perpétue alikuwa mwaka wa pili katika chuo kikuu cha Goma, akisomea Kiingereza. Umwiza, mwenye miaka kumi na mmoja, hakuijua lugha hiyo, lakini kazi yake ilikuwa muhimu.

"Angalia ulimi wangu," Perpétue alimwambia. "Unatoka kati ya meno?"

"Unatoka kidogo tu, yaya." Ndivyo watoto wa Goma wanavyomwita ndugu mkubwa.

Somo lile liliitwa fonetiki, yaani elimu ya sauti za lugha. Watu wa Goma husema "zahabu" na "selasini" badala ya dhahabu na thelathini, kwa hiyo ulimi wa Perpétue haukuzoea kutokeza nje ya meno. R na L nazo zilimchanganya, kwani Kinyarwanda cha nyumbani hakizitenganishi. Ila kilichomshinda zaidi ni kiimbo, jinsi sauti inavyopanda na kushuka. Swali moja lilitaka sauti ipande mwishoni, lingine lilitaka ishuke. Ukikosea, unaweza kuonekana una dharau na huku umeuliza kwa heshima.

Ndiyo maana walihitaji kaseti. Ndani yake mwanamume na mwanamke wa Uingereza walizungumza, na mwanafunzi akawaiga. Profesa Hategekimana aliipata kabla ya vita. Sasa mji ulikuwa mikononi mwa waasi, ndege za Kinshasa hazikutua tena, na hapakuwa na njia ya kuagiza nyingine. Wanafunzi kumi na wanane waliitumia kwa zamu, siku tatu kila mmoja. Bila hiyo, mtihani wa mdomo usingewezekana, na bila mtihani huo hakuna ambaye angevuka mwaka.

Jumanne moja ya Januari 2002, zamu yake ikiwa imefika, Perpétue alikwenda kuteka maji. Umwiza alibaki nyumbani, mtaa wa Mapendo, pamoja na rafiki yake Patricia. Walitaka kujua sauti zao zinasikikaje redioni. Umwiza akabonyeza kitufe chekundu cha kurekodi, wakaimba wimbo wa kwaya, wakacheka, wakaimba tena. Waliporudisha mkanda nyuma, Waingereza hawakuwapo. Robo saa ya mazungumzo yao ilikuwa imefutika.

"Tumekwisha," Patricia alinong'ona.

Umwiza akaificha kaseti katika mfuko wake wa shule, chini ya madaftari. Kesho yake Perpétue aliitafuta nyumba nzima. Alipindua magodoro, akamwaga hata gunia la maharagwe ambayo mama yao, Donatille, aliyauza sokoni.

"Umwiza, hukuiona kaseti?"

"Hapana, yaya."

Alhamisi mlima Nyiragongo ukapasuka. Mchana watu wa Munigi, kijiji cha chini ya mlima, waliteremka mbio, magodoro vichwani, na nyuma yao lava ikashuka ikiteketeza kila kitu. Mama Donatille hakungoja kuambiwa.

"Kila mutu abebe kilicho karibu! Twende!"

Umwiza akanyakua mfuko wa shule. Walitembea na umati hadi Gisenyi, ng'ambo ya mpaka wa Rwanda, wakakaa siku tatu katika uwanja wa kanisa. Waliporudi, pale ilipokuwa nyumba yao palikuwa na mwamba mweusi wenye kimo cha mtu, bado unafuka moshi. Mama Donatille akawaongoza wanawe hadi mtaa wa Mabanga, kwa shangazi yao.

"Una bahati," Patricia alimwambia Umwiza walipokutana. "Itupe kaseti kwenye lava. Watasema iliungua, basi."

Umwiza alikwenda hadi ukingoni mwa mwamba ule, mkono ndani ya mfuko. Joto lilimpiga usoni. Alisimama, akageuka, akarudi. Hakuitupa, lakini pia hakusema neno.

Mwezi wa pili masomo ya chuo yalianza tena katika ukumbi wa parokia. Shule ya Umwiza ilikuwa imeungua, hivyo siku ya kwanza alifuatana na dada yake akaketi nyuma.

"Perpétue," Profesa Hategekimana alisema kwa upole, "nimesikia nyumba yenu iliteketea. Kaseti imekwenda na moto. Si kosa lako."

Perpétue angeweza kushukuru na kuketi. Alibaki amesimama.

"Hapana, Profesa. Ilinipotea Jumatano, siku moja kabla ya volkano. Siwezi kuisingizia lava."

Mwanafunzi mmoja, Aubin, akaruka kitini. "Na sisi? Turudie mwaka kwa sababu yako?"

Profesa akavua miwani. "Kama ilipotea mikononi mwako, ni lazima niliandikie baraza la chuo. Na mtihani wa mdomo mwaka huu hautakuwapo."

Perpétue aliinamisha kichwa, na Umwiza akaona machozi yakidondokea daftari. Akasimama.

"Iko kwangu," alisema, akaitoa katika mfuko wake wa shule. "Niliiharibu mimi, nikaificha. Yaya hana kosa."

Perpétue alimgeukia. "Nilipindua hata godoro la mama," alisema polepole. Umwiza aliona afadhali angepigwa.

Waliisikiliza kaseti kwa redio ya Profesa. Kwanza wimbo wa watoto, na Aubin akaguna. Kisha sauti za Waingereza zikarudi. Upande wa pili ulikuwa mzima. Yalikosekana mazungumzo manne ya mwanzo.

"Hayo nayajua kwa kichwa," Perpétue alisema.

Profesa akamwita mbele pamoja na Aubin. Perpétue akasema maneno ya mwanamke, Aubin ya mwanamume. Profesa aliwasimamisha kila sauti ilipopanda pasipostahili, wakarudia tangu mwanzo. Ilikuwa alasiri walipomaliza na kuyarekodi upya. Umwiza aliwaomba radhi wanafunzi wote, mmoja mmoja, na kwa mwezi mzima akafagia ukumbi ule kila Jumamosi.

Mtihani ulifanyika mwezi wa tatu. Perpétue alipata kumi na sita kwa ishirini. Siku ya matokeo Profesa alimwita Umwiza.

"Mutoto, unajua kosa lako lilikuwa lipi?"

"Kubonyeza kitufe, Profesa."

"Hilo lilikuwa dogo. Ungesema siku ileile, dada yako angekugombeza, nasi tungeitengeneza kaseti kama tulivyofanya. Ulinyamaza, na kila siku uliyonyamaza mutu mwingine alibeba mzigo wako. Nusura wanafunzi kumi na wanane wapoteze mwaka." Akanyoosha kidole kuelekea mlimani. "Ule mlima umetuletea hasara ya kutosha. Tusiubebeshe na makosa yetu. Ukikosea, sema mapema, tena kwa yule uliyemkosea. Umesikia?"

"Nimesikia, Profesa," Umwiza alijibu, akamtazama usoni.