Mdomo wa Hewa Uliogeuzwa

Duka la mabati lilikuwa limefurika watu Jumamosi ile, kila mmoja akipaza sauti kumzidi mwenzake, na karatasi ya mwisho ya bati jembamba ilikuwa imeshikwa na watu wawili. Upande mmoja alisimama binti mwenye ovaroli ya buluu iliyofifia magotini na skafu nyekundu kichwani. Upande wa pili alikuwa kijana mrefu, buti zimejaa vumbi, kalamu nyuma ya sikio.

"Kaka, achia. Nimeshika kwanza."

"Dada yangu, la kufanyia nini?"

"Mfereji wa paa. Wewe?"

"Nataka kutengeneza mdomo wa hewa juu ya boneti ya gari langu. Injini inavuta hewa ya moto. Ikiona mlima tu, inakata pumzi."

"Unajua kukunja bati?"

"Nimeona watu wakikunja."

Binti akacheka mpaka muuza duka akageuka. "Basi achia, nitakukunjia mimi. Ukikunja mwenyewe utarudi Jumamosi ijayo kununua jingine."

Hivyo ndivyo walivyojuana. Binti alikuwa fundi bati katika karakana ya mjomba wake, na watu walimwita Fundi tu. Kijana alikuwa mpima ardhi, nao kazini walimwita Mpima. Gari lake lilikuwa kuukuu, limeinuka juu, la kupanda vilima na kuvuka mito.

Fundi hakuwa mtu wa haraka. Kwanza alitengeneza mdomo wa majaribio kwa karatasi ngumu ya boksi. Kisha akabandika vipande vya uzi wa sufu kila mahali juu ya boneti, akaketi kando ya Mpima na kumwambia aendeshe, huku yeye akitazama nyuzi zinavyolala.

"Unaona zile za karibu na kioo zinavyozunguka? Hewa inagonga kioo, inarundikana pale. Mdomo utatazama kioo. Ukitazama barabara utakula vumbi na maji."

"Wewe ni fundi au mganga?"

"Endesha, mpenzi." Neno lilikuwa limemponyoka, akafunga mdomo haraka.

"Rudia," Mpima akasema, gari likiyumba.

"Tazama barabara!"

Mdomo wa bati ulipokuwa tayari, nao wakiwa wameshazoea kuitana wapenzi, Fundi aliufunga kwa ribiti nane, vile vipini vya kubana bati, kila moja vidole vitatu kutoka mwenzake. Mjomba aliupapasa ukingo wake kwa kidole gumba, hakupata pa kukwaruza. "Mwisho wa mwezi nakukabidhi funguo za karakana, mwanangu," akasema. "Mgongo wangu umechoka, na kazi yako haina maswali."

Wiki mbili baadaye mvua zilianza. Simu ikaita mchana.

"Fundi, gari limezimika mtoni. Injini imekunywa maji."

"Wewe uko salama?"

"Niko salama." Akasita. "Maji yameingilia kwenye mdomo."

"Mdomo wangu?"

"Ndiyo."

Simu ikakatika. Au ilikatwa, Fundi hakujua.

Habari zikaenea katika mtaa wote wa karakana. Wateja wawili walikuja kuchukua kazi zao kabla hazijaisha, wakisema wamebadili mawazo, macho yakiwa kwingine. Mjomba hakupandisha sauti. "Funguo zisubiri kidogo. Watu wanauliza."

Kila jioni Fundi alirudi kwenye ule mdomo wa boksi, akaufunika kwa plastiki, akaumwagia maji kwa kopo, mbele, ubavuni, kwa nguvu, polepole. Hakikuingia hata kitone. Hata hivyo hakumshuku mtu. Alisema moyoni kwamba kosa lipo mahali asipopaona.

Simu za Mpima zikawa fupi.

"Umekula?"

"Nimekula."

"Mbona umepoa, kipenzi?" Fundi aliuliza.

"Nimechoka tu."

Siku ya kumi Fundi alikwenda gereji lilikovutwa gari. Kwanza alidhani ameelekezwa gari la mtu mwingine, maana mdomo ulikuwa unatazama barabara. Akapitisha vidole chini ya boneti. Akayakuta matundu yake manane, yamezibwa kwa puti ya kujazia bodi ya gari na kupakwa rangi, na kando yake ribiti ngeni zilizokaa kombokombo. Alisimama pale mpaka makanika akamuuliza kama anaumwa.

Kesho yake Mpima alikuja karakana amevaa shati jeupe lililopigwa pasi, kiboksi kidogo cha pete mkononi.

"Fundi wangu, nimefikiri sana. Nataka nikuoe."

"Una lingine la kuniambia?"

"Nakupenda."

"Hilo nalijua. Lingine."

Mpima akamtazama usoni, na uso wake mwenyewe ukamshuka. "Umeenda gereji."

"Nimeenda."

"Madereva walinicheka. Walisema gari langu limevaa kofia kinyume. Nikaugeuza mwenyewe. Siku ya mto niliogopa, nikasema lililonijia. Nikajiambia nitalirekebisha kesho. Kesho likawa limeshasambaa."

"Nimemwaga maji kwenye boksi siku tisa, Mpima. Siku tisa nikitafuta kosa langu."

"Nisamehe."

"Mjomba yuko ndani. Kamwambie."

Kupitia ukuta wa mabati Fundi alisikia, "Shikamoo, mzee," kisha sauti ya chini, kwa muda mrefu. Kisha Mjomba: "Rudia kwa sauti. Majirani nao wana masikio." Mpima akarudia. Nyundo za karakana ya jirani zikanyamaza.

Alipotoka, shati lilikuwa limemganda mgongoni. "Na jibu langu?"

"Leo umesema kwa sababu nimekuuliza. Siwezi kuishi na mtu nikimkagua kila siku kama paa linalovuja. Nenda nyumbani."

Akaenda.

Wiki hiyo hiyo Mjomba alimkabidhi funguo. Fundi alizipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akaenda nyuma ya karakana akalia kidogo.

Zilipita wiki tatu bila simu. Kisha ikaita, akiwa katikati ya kukata bati.

"Fundi. Nina la kukuambia. Hujaniuliza."

"Sema."

"Siku ile ya kukuposa, kabla sijaja kwako, nilimwambia mama kwamba umeshakubali."

"Ulimwambia nini?"

"Nilijiona nimeshapata. Naye akawaambia dada zake wote watatu. Mmoja ameshanunua kitambaa cha kushona nguo ya harusi."

Fundi akaweka mkasi chini. Hakujua acheke au alie. "Mpigie sasa hivi umwambie ukweli!"

"Nimempigia asubuhi. Alinisema mpaka salio likaniishia, ndiyo maana nimechelewa kukupigia."

"Amesemaje?"

"Kwamba hakunilea hivyo. Halafu akalia. Halafu akauliza wewe ni mtu wa namna gani."

"Ukamjibu nini?"

"Kwamba ni mtu niliyemharibia jina, na sijui kama atanitaka tena."

Fundi akafuta vumbi la bati mezani kwa kiganja.

"Mpigie tena," hatimaye akasema.

"Nimwambie nini?"

"Yule mama mdogo mwenye kitambaa, asikikate." Akavuta pumzi. "Wala asikirudishe dukani. Akiweke tu."